Tope la Jomvu

Mombasa haina tope la aina moja. Kisiwani, mvua ya Mei ikinyesha usiku kucha, kinachokungoja asubuhi ni maji tu: yametuama Barabara ya Digo, mitaro imeziba, tuktuk zinapita zikiwarushia waliosimama vibarazani. Kisiwa kimekaa juu ya matumbawe, na Nyali hadi Shanzu ni vivyo hivyo. Matumbawe hayo ndiyo yaliyochimbwa Bamburi kwa ajili ya saruji, na machimbo yalipoachwa yakapandwa mivinje kuanzia miaka ya 1970 mpaka yakawa msitu ambao sisi wakimbiaji tunaupenda kwa kivuli chake. Ardhi kama hiyo hunywa maji. Kimbia humo hata siku ya mvua, utarudi nyumbani na mchanga kidogo kwenye soksi, basi.

Vuka Makupa sasa, uingie bara. Changamwe, Mikindani, Jomvu mpaka Miritini, chini kuna mwamba laini wa tabakatabaka, ambao asili yake ni tope la bahari ya zama za kale lililogandamana likawa jiwe. Jua na mvua vikilila jiwe hilo, linarudi kuwa tope. Ni mfinyanzi wa kijivu, mahali pengine wa manjano, unaoteleza ukiwa umelowa na unaonata unapoanza kukauka. Halafu ukishuka mpaka ukingoni mwa hori la Tudor unakutana na tope la mikoko, na hilo lina tabia zake peke yake. Mbio ninazozisimulia hapa zilipita kwenye matope yote mawili, mizunguko miwili, kilomita 10 kwa jumla.

Waandalizi walikuwa vijana wa huko Jomvu wanaopanda mikoko. Kiingilio shilingi mia tano, sehemu ya pesa ikienda kwenye kitalu cha miche. Zawadi ya mshindi wa kiume ilikuwa mbuzi, ya mshindi wa kike mbuzi vilevile, na sisi wanawake tulipita kwanza tukahakikisha kwa macho yetu kwamba mbuzi wanatoshana.

Mimi ni mtu wa lami. Nimevuka miaka arobaini, nauza dawa mjini, na mbio zangu ni za alfajiri: kuzunguka Mama Ngina huku bahari ikinipulizia, au siku za mapumziko kwenda ufuo wa Pirates maji yakiwa yamepwa nikimbie kwenye ule mchanga mgumu karibu na maji. Aliyenitia katika shauri la Jomvu ni jirani yangu, mwanamke mwenye miguu mifupi na maneno mengi, ambaye tangu tuanze kukimbia pamoja sijawahi kumsikia akilalamika kuwa amechoka. Hulalamikia mambo mengine yote.

Watu wa hapa tukizungumzia mbio hatuchelewi kuutaja mwaka 2007. Tarehe 24 Machi mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika kwenye uwanja wetu wa gofu, pale kando ya bahari, nami nilikuwa katika ule umati uliobanana nyuma ya kamba. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa bingwa wa mbio ndefu mara 5 mfululizo, tangu 2002. Mzunguko wa mwisho akaacha mbio. Zersenay Tadese wa Eritrea akazimaliza kilomita 12 kwa dakika 35 na sekunde 50, Moses Mosop wetu akafuata wa pili. Wanariadha wengi walishindwa kumaliza siku ile, na wengine walibebwa. Kilichowaangusha ni hewa yetu. Jasho hupoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikiwa tayari imejaa unyevu, jasho hutiririka tu bila kukauka, na moto unabaki ndani. Tangu siku ile nina msimamo wangu, na nimeushikilia hata nikabishana na watu wenye pumzi kunizidi: Mombasa haikimbiwi kwa kasi uliyoipanga nyumbani. Wakati ule maji yalikuwa hewani. Jomvu yalikuwa hewani na ardhini pia.

Wiki moja kabla, mimi na jirani tulikwenda kuikagua njia kwa miguu. Huko chini mikokoni tukamkuta mzee mmoja mvuvi wa kaa akitoka na kikapu chake na fimbo ndefu yenye ncha ya chuma iliyopindwa. Alikuwa peku, suruali ameikunja mapajani.

"Asalaam aleykum, mjomba."

"Waaleykum salaam, wanangu. Mwenda wapi na viatu hivyo?"

Tukamweleza. Akacheka mpaka akaweka kikapu chini. Kisha, bila kuombwa, akasimama katikati ya tope lililomfika katikati ya muundi akaanza kutuonyesha. Anayekwama, alisema, ni yule anayevuta mguu juu kwa nguvu moja kwa moja. "Tope halivutwi, mwanangu. Ukilivuta, nalo lakuvuta." Akainua kisigino kwanza, polepole, akakizungusha kidogo kwa nje, na hapo tukasikia tope likipumua, fyooo, hewa ikiingia chini ya unyayo. Vidole vikafuata nyuma vyenyewe kama havikushikwa na kitu. Akarudia kwa mguu wa pili. Hakutumia nguvu hata chembe.

Nilijaribu nikiwa na viatu. Mguu wa kwanza ukatoka, wa pili ukatoka bila kiatu. Akanitazama kwa huruma ya kweli.

Mengine aliyotufunza yalikuwa ya kusoma mahali pa kukanyaga. Karibu na mkoko wenyewe, ile mizizi yake iliyopinda kutoka shinani imesukana chini ya tope na inabeba uzito wa mtu. Kwenye mchu, aina nyingine ya mkoko, ni kinyume: mizizi yake ya kupumulia inachomoza juu wima, mingi, inakwaa vidole na kuchoma unyayo. Mahali palipong'aa bila mmea, bila vijishimo vya kaa, hapo pitia mbali. Na usishike mizizi ya mikoko ovyo, maana chaza wamejibandika humo na ukingo wa gamba lao unakata nyama mpaka ndani.

Nilimuuliza bahari itakuwaje siku ile. Hakuangalia jedwali lolote; alihesabu mwezi kwa vidole. Kwetu, siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa kama saa nne asubuhi. Tofauti ya kina hufika mita 3 na zaidi. Siku ya mbio ilikuwa karibu na bamvua, na kipenga kingepulizwa saa moja. "Mzunguko wa kwanza mtakuta maji," alisema, "wa pili mtakuta tope tupu." Jirani akafurahi, akadhani wa pili ndio utakuwa rahisi. Mzee akatikisa kichwa. Maji kidogo juu ya tope huulainisha mguu usinaswe. Yakishaondoka, tope hukaza. Tena mzunguko wa pili mnakanyaga pale palipokwisha kuvurugwa na watu wote waliowatangulia.

Mavazi yalinisumbua kuliko mazoezi. Mimi hukimbia na suruali ndefu, fulana ya mikono mirefu na mtandio. Kwenye lami hilo si tatizo. Lakini suruali pana ya pamba ikiingia topeni inajaa kutoka chini kama gunia, unabeba kilo ambazo si zako. Nilinunua ya kitambaa chepesi kisichonyonya maji, nikampelekea fundi cherehani wa mtaani atie lastiki mbili kila mguu, moja kwenye kifundo na nyingine chini ya goti. Aliuliza kama ni ya kuendea hija. Mtandio niliufunga bila pini hata moja, kwa sababu pini ikifunguka umeanguka kifudifudi ni hatari, na ncha moja ndefu nikaichomeka ndani ya fulana ibaki safi. Ncha hiyo ilikuwa ya kufutia macho. Ukishaanguka mara moja mikono yako haifai tena kugusa uso, na mchanga wa tope jichoni unaumaliza mchezo mara moja.

Viatu nilichagua vya zamani, vyenye meno chini na vilivyonibana kidogo, vyenye wavuwavu pembeni wa kutoa maji. Kamba nilifunga fundo juu ya fundo na masalio nikayaficha ndani. Soksi nyembamba, si za pamba. Kucha nilizikata siku chache kabla, si usiku wa kuamkia mbio, ili nyama ya pembeni isiwe imechubuka. Mafuta ya nazi katikati ya vidole, mapajani na makwapani. Kuna watakaokuuzia mafuta ya bei mbaya kwa kazi hiyo. Mimi ndiye muuzaji mwenyewe, nami nakwambia nazi inatosha.

Asubuhi yenyewe mvua ilikuwa imenyesha usiku ikakoma kabla ya swala. Kipenga kikalia, vijana wakafyatuka. Mbele yao kabisa alikuwa askari mmoja mzaliwa wa Bonde la Ufa, mapafu ya mwinuko, miguu mirefu, unamtazama unasema mbuzi ameshapata mwenyewe. Nyuma yake kijana wa Jomvu, mvuvi wa kaa, peku kama yule mzee.

Kilomita ya kwanza ni mteremko wa mfinyanzi kati ya mashamba ya mihogo na minazi. Hapo ndipo watu wa lami tulipoumbuka. Barabarani umezoea kurusha mguu mbele na kutua. Kwenye mfinyanzi uliolowa mguu wa mbele ukitua na kisigino, unaendelea na safari bila wewe. Tulishuka kwa hatua fupi sana, magoti yamelegea, mikono imetanuka, tumegeuka ubavu kidogo pale palipokuwa pakali. Penye madimbwi wengi walikuwa wakizunguka pembeni, na pembeni ndipo panapoteleza, kwa sababu kila mtu amepita hapo. Katikati ya dimbwi la njia ya mashambani mara nyingi chini ni kugumu. Magurudumu ya mikokoteni na pikipiki yameshapagandamiza. Jirani yangu alipita katikati ya kila dimbwi akiimba, na kila dimbwi alipita watu wawili watatu.

Mikokoni tulikuta maji ya magotini, kama tulivyoambiwa. Harufu ya mayai yaliyooza inakukaribisha kabla hujafika. Ni gesi inayotokana na vijidudu vinavyoozesha majani ndani ya tope lisilo na hewa, haina maana kuwa mikoko ni michafu. Uchafu upo, lakini unatoka kwetu: maji ya vyooni ya mitaa iliyoko juu mengi huishia humu horini bila kusafishwa. Kwa hiyo midomo tulifumba. Kisigino kwanza, zungusha, vidole vifuate. Nilikuwa nikijisemea kwa sauti kama mtoto wa madrasa anayehifadhi. Yule askari tulimkuta papo hapo, bado anahangaika! Nguvu zote zile alikuwa anazitumia kuvuta mguu juu. Kijana mvuvi wa kaa hakuonekana, alishapotea mbele mikokoni. Nilimpigia kelele, "Kisigino, kaka! Anza na kisigino!" Alinisikia, akajaribu, akatoka, akanipita bila hata kugeuka. Sikumlaumu, mbuzi alikuwa mbali.

Kupanda kurudi juu ndiko kulikonichosha zaidi, na hapo unyevu wa Mombasa ulinikumbusha habari za 2007. Jua lilikuwa limetoka juu ya ardhi mbichi na mvuke unapanda. Nilitembea. Wengi wanaona aibu kutembea mbioni, lakini kwenye kilima cha mfinyanzi anayetembea kwa hatua ndogo na anayelazimisha kukimbia hufika kileleni pamoja, tofauti ni kwamba mmoja amefika akiwa mzima. Juu tulipewa maji yaliyotiwa chumvi, sukari na ndimu. Nilikunywa mafunda machache, mengine nikajimwagia shingoni.

Mzunguko wa pili mfinyanzi ulikuwa umeanza kukauka, sasa unanata badala ya kuteleza. Kila baada ya hatua chache unasimama kusugua soli kwenye nyasi. Na kule chini, maji yamekwenda zake, tope limebaki wazi, jeusi, limefumuliwa na mamia ya miguu. Hapo kiatu cha kulia cha jirani yangu kikabaki chini.

Alisimama kwa mguu mmoja, akanishika bega. "Sitoki hapa bila kiatu changu, hata maji yarudi." Akalala ubavu topeni, mkono ukaingia mpaka kwapani, shavu limegusa tope, nami nimemshika mkono wa pili nisije nikampoteza yeye pia. Watu wanatupita, wanatupa pole. Akapapasa, akakunja uso, kisha uso ukafunguka. "Nimekipata!" Akavuta kwa mbinu ya mzee, akikizungusha. Kikatoka kiatu cha mwanamume, cha kushoto, kikubwa mara moja na nusu ya chake.

Tulicheka mpaka tukakosa nguvu za kusimama. Chake kilipatikana mara ya pili, shubiri moja pembeni. Kile cha mwanamume tulikitundika kwenye tawi la mkoko mwenyewe akikitaka aje, na kweli alikuja baadaye akichechemea.

Kwenye lami kilomita 10 huzimaliza kwa saa moja na dakika chache. Jomvu, saa moja na nusu ilipita nikiwa bado kwenye kilima cha mwisho. Mbuzi alichukuliwa na askari. Mvuvi wa kaa aliongoza kutoka mikokoni lakini kile kilima kikampa askari nafasi, na mapafu yakafanya kazi yao. Nasikitika kidogo kulisema hilo, moyo wangu ulikuwa kwa yule kijana. Hata hivyo nyayo zake hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja, na wenye viatu tulikuwa tumechanika miundi. Mtu asimwige. Yeye anajua kila mzizi wa mahali pale.

Baada ya mbio nikawa muuza dawa tena. Msichana mmoja alikuwa amekatwa na chaza kiganjani, kidonda chembamba kisichotoka damu nyingi, naye alikuwa anataka kukifunga kitambaa aende zake. Kidonda cha tope ndicho kisichofaa kufunikwa hivyo. Tulikisafisha kwa maji safi na sabuni kwa muda mrefu, tukitoa kila chembe nyeusi, nikamuuliza chanjo yake ya mwisho ya pepopunda ilikuwa lini. Hakukumbuka. Nikamwambia aende hospitali siku ileile. Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni, na jeraha jembamba lenye kina ndilo wanalolipenda.

Kuoga kulikuwa na kichekesho chake. Mvua imenyesha usiku kucha, njia zote ni madimbwi, na mifereji ya mtaa mikavu. Vijana walikuwa wamenunua mitungi ya lita ishirini kwa wauzaji wa mikokoteni, na bei ilikuwa imepanda kwa sababu njia mbovu. Mtungi mmoja watu wanne. Uso na vidonda kwanza, kisha mikono, miguu kama yamebaki. Hayakubaki.

Viatu tulivitia kwenye ndoo tukaenda steji. Makanga wa matatu ya kwanza alitutazama toka chini hadi juu, akapiga bodi makofi mawili, gari likaondoka. Wa pili alisimama.

"Mama zangu, mwatoka kulima ama mwatoka kuzikwa?"

"Twatoka mbioni," jirani akajibu.

"Na aliyekuwa akiwafukuza yuko wapi?"

Gari zima likaangua kicheko. Akatandika gunia kiti cha nyuma tukakaa, ndoo katikati. Tulipokaribia Makupa akaja kukusanya nauli, akataka ya watu watatu. Jirani yangu, ambaye hapunjwi hata kwa senti kumi, akamuuliza huyo wa tatu ni nani. Makanga akaielekeza ndoo kwa kidevu.

"Na huyu tope? Yeye si abiria?"

Walibishana mpaka Mwembe Tayari. Tukalipa mbili na nusu.